Pa kuanzia kuwasikiliza The Smiths

Ndugu, umeuliza uanze na albamu ipi ili uelewe jinsi The Smiths, bendi ya roki ya Manchester, Uingereza, walivyopanda hadi kuwa maarufu. Ningekushauri uiweke kando kwanza ile ya 1984 yenye jina lao, ambayo ilifika nafasi ya 2 kwenye chati ya albamu ya Uingereza ingawa sauti yake imepooza, uanze na Hatful of Hollow ya mwaka huohuo, kwa kuwa ina rekodi za vipindi vya redio vya BBC, kikiwemo cha mtangazaji John Peel, vilivyowafikisha kwa vijana wengi ilhali kampuni yao ya kutoa rekodi, Rough Trade, ilikuwa ndogo. Lifuatilie gitaa la Johnny Marr kabla ya maneno ya mwimbaji Morrissey. Kwangu ndilo linalobeba kila kitu. Kisha usikilize Meat Is Murder ya 1985, iliyoshika nafasi ya 1.