Maswali ya Wasomaji: Programu ya honazi chuoni, kuingia na kumaliza

*Mwalimu habari, mimi ni mama nauza vitenge hapa Bwera. Binti yangu alimaliza senior six na PCM (fizikia, kemia na hesabu) akapata pointi 18, saa hii amepata chuo Marekani na skolashipu inayolipa nusu ya ada, alafu juzi wamemwandikia tena eti anaruhusiwa kuomba programu ya honazi, aandike insha mbili. Yeye anataka sana, mimi naogopa. Hiyo kitu ni ya kweli ama ni watu wanatafuta pesa? Na akishindwa huko ndani hawatamnyang'anya skolashipu? Mbona masomo ya kawaida hayatoshi? (Mama wa Bwera, Kasese)*

Mama hongera kwanza, pointi 18 kati ya 20 na PCM siyo mchezo, huyo mtoto amesoma.

Programu ya honazi ni kitu cha kweli na ina miaka mingi. Chuo cha Swarthmore kule Pennsylvania kilianza ya kwao 1922, mwaka uleule Makerere ilipofunguliwa kama shule ya ufundi. Mkuu wao Frank Aydelotte alikuwa amesoma Oxford akapenda jinsi wanafunzi wachache wanavyokaa na mwalimu wanajadili, akaleta mtindo huo, na mwishoni wanafunzi walipimwa na watahini kutoka nje ya chuo. Baadaye vyuo vikubwa vya serikali navyo vikaufuata, kwa mfano Arizona State walianzisha chuo chao cha honazi 1988, leo kinaitwa Barrett, na huko humalizi bila kuandika tasnifu. Kwa hiyo binti yako atasoma digrii ileile na wenzake, tofauti ni kwamba baadhi ya kozi zake zitakuwa na darasa dogo na kazi nzito zaidi, na mwaka wa mwisho atafanya risachi yake mwenyewe aitetee mbele ya maprofesa.

Lakini hofu yako ya matapeli ina msingi mama, usiidharau. Mwaliko wa kweli unaonekana kwenye potali ileile ya chuo alikopatia barua ya kukubaliwa, na imeli yake inaishia na jina la chuo chenyewe. Kuna vikundi vingine vinatuma imeli kwa wanafunzi, jina lina neno honazi ndani, vinadai dola za uanachama alafu vinakupa cheti na pini, hivyo havihusiani na programu hii na havimuongezei darasa hata moja. Akiona kikundi kimedai kadi ya benki kabla ya kitu chochote aandikie ofisi ya honazi ya chuo awaulize moja kwa moja. Pia aulize kama programu yenyewe ina ada ya semista, maana vyuo vingine vinatoza na vingine havitozi, na hiyo hesabu ni vizuri muifanye mkiwa bado Bwera.

Kuhusu skolashipu, hapo ndo msome barua zote mbili polepole. Mara nyingi skolashipu ina masharti yake na honazi ina yake, na ya honazi ndo huwa juu, programu nyingi zinataka GPA, yaani wastani wa gredi, ya kama 3.3 au 3.5 kati ya 4.0. Mtu akishuka chini ya hapo kawaida wanampa semista ajirekebishe, na akitoka anarudi kuwa mwanafunzi wa kawaida, digrii inaendelea, hakuna anayefukuzwa chuo kwa sababu ya kutoka honazi. Kitakachopotea ni ile pesa iliyotolewa na honazi yenyewe kama ipo. Hebu tupige hesabu: akisoma kozi 5 za kredi 3 kila moja, A ni 4, B ni 3, C ni 2, akapata A nne na C moja, GPA yake ni 3.6, bado yuko salama kabisa. Akipata A mbili, B mbili na C moja ni 3.2, hapo ameanza kuitwa ofisini. Kwa hiyo C moja haiui, ila semista mbaya nzima inaumiza.

Na kitu kimoja watoto wetu hakiwaingii mapema: kule gredi haisubiri mtihani wa mwisho kama ule wa taifa wa UNEB hapa kwetu. Homuweki ya wiki ya pili ina maksi, kwizi ina maksi, kuongea darasani kuna maksi. Mtoto aliyezoea kujifungia mwezi wa mwisho na past papers anashtuka wiki ya nane tayari ameshaangusha asilimia 30.

Umeuliza mbona ya kawaida hayatoshi. Yanatosha mama, mtu anafanikiwa vizuri bila honazi. Ila mimi ningemwambia aingie, na sababu yangu kubwa ni lile darasa dogo. Fikiria wanafunzi 15 wamezunguka meza, wote wamesoma kurasa 60 usiku uliopita, profesa hana hata noti za kuandika ubaoni, anauliza tu "wewe unaonaje?" alafu ananyamaza. Mtoto wetu amefundishwa miaka 13 kwamba heshima ni kukaa kimya mpaka mwalimu akuite, anajua jibu lakini mdomo haufunguki, na kule kimya kinasomeka kama hajasoma kitabu. Mwambie aandike swali moja kwenye daftari kabla ya kuingia na alitoe dakika kumi za mwanzo kabla woga haujakaa. Baada ya mwezi atazoea. Na profesa aliyekaa naye meza moja hivyo ndo atamwandikia barua ya maana akitaka masters, siyo yule wa ukumbi wa watu 300 ambaye hajui hata sura yake.

Semista ya kwanza asijaze. Kalkulasi, fizikia yenye maabara na semina ya honazi kwa pamoja vinatosha, avizungushie kozi nyepesi. Na kwa viza ya mwanafunzi, F-1, asishuke chini ya kredi 12 bila kwanza kuongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, hata kama kozi imemshinda, hiyo siyo mambo ya GPA tena, ni mambo ya uhamiaji.

*Mwalimu za siku, niko mwaka wa tatu chuo kimoja Marekani, nasoma uchumi, niko honazi na GPA ni 3.7 kwa hiyo upande huo sina shida. Shida ni tasnifu. Nataka kuandika juu ya akina mama wanaovusha biashara ndogo hapo mpakani Busia, nyumbani ni hapohapo, lakini profesa niliyemwandikia hajibu imeli na wenzangu wawili tayari wameacha honazi kimyakimya. Na mimi nafikiria kuacha. (Kijana wa Busia)*

Ndugu yangu usiache, na nitakwambia kwa nini: wengi wanaotoka honazi hawatolewi na GPA, wanaishia hapohapo ulipo wewe, wana gredi nzuri lakini hawana msimamizi, semista inapita, nyingine inapita, mwishoni muda wa tasnifu hautoshi na mtu anajiambia basi nimalize tu kawaida. Kwa hiyo kazi yako mwezi huu siyo kusoma vitabu, ni kupata mtu.

Ile imeli uliyotuma naweza kuotea ilivyokuwa, ndefu, salamu nyingi, alafu mwishoni "naomba uwe msimamizi wangu". Profesa mwenye imeli 80 anaifungua anasema nitajibu kesho. Nenda ofisini kwake kwenye saa za wanafunzi, zimebandikwa mlangoni au kwenye silabasi, ubebe karatasi moja tu: swali lako kwa sentensi mbili, utawahoji kina nani, lini, na unataka nini kutoka kwake. Usimuombe awe msimamizi siku ya kwanza, muombe dakika 15 akuambie swali lako limekaa vizuri ama limekaa vibaya. Akikataa muulize akutajie mwingine, na usijifunge kwenye idara ya uchumi peke yake, mtu wa sosholojia au wa jinsia anaweza kukufaa zaidi. Programu nyingi zinataka na msomaji wa pili, kwa hiyo hata yule wa kwanza aliyenyamaza anaweza kurudi kwa mlango huo.

Mada yako ni nzuri sana naisema bila kukupamba, ila ibane. "Akina mama wa mpakani" ni wengi mno. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wa forodha uliorahisishwa kwa mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, na pale Busia kituo cha pamoja cha mpaka kilizinduliwa rasmi 2018, sasa uliza: mama mwenye trei za mayai au kapu la samaki anautumia huo utaratibu ama bado anapita njia za panya, na kwa nini? Hilo ni swali la tasnifu, unaweza kulijibu na mahojiano 20 au 25.

Sasa vibali, na hapa ndo watu wanapotea. Huwezi kuhoji watu alafu ukaandika tasnifu bila kamati ya maadili ya chuo chako, wanaiita IRB, na kabla ya kuomba utafanya yale mafunzo ya mtandaoni ya CITI. Alafu kwa sababu kazi iko Uganda kuna upande wa pili, unapita kamati ya maadili ya utafiti ya hapa nyumbani na baada ya hapo unasajili utafiti kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Yote hiyo inakula miezi, na ina malipo, kwa hiyo kama unataka kuhoji watu Juni mpaka Agosti mambo ya karatasi yaanze kabla ya Krismasi. Ofisi ya honazi mara nyingi ina fungu dogo la risachi, omba tiketi na hizo ada za vibali kwa pamoja. Na ukifika, barua yako ipitie kwa mwenyekiti wa kijiji, LC1, kabla hujasimamisha mama yeyote sokoni, wewe ni mtoto wa pale lakini ukija na daftari na rekoda watu watadhani umetumwa na watu wa kodi.

Fomu ya ridhaa usiipeleke kwa Kiingereza. Iandike Kiswahili, na ya Kisamia kwa wanaoihitaji, na fomu ya kila lugha lazima ipitishwe na kamati. Hapo una kitu ambacho wenzako hawana, wewe utamsikia yule mama moja kwa moja bila mkalimani, na hilo liandike waziwazi kwenye pendekezo lako maana profesa akilisoma ataelewa kwa nini hii kazi ni yako.

*Mwalimu, mimi niko Makerere siyo Marekani, hakuna programu ya honazi kwetu ila nataka first class, digrii ya daraja la kwanza. Nimemaliza miaka miwili kati ya mitatu na CGPA ni 4.2. Bado inawezekana? (Msomaji wa Wandegeya)*

Inawezekana lakini kwa hesabu kali. First class inaanzia 4.40 kati ya 5. Kama semista zako zina kredi zinazolingana, nne zimeisha na 4.2, basi zile mbili zilizobaki zinatakiwa ziwe na wastani wa 4.8. Maana yake kozi nyingi upate 80 kwenda juu, ambayo ni 5.0, na zile chache zitakazokuponyoka zisishuke chini ya 75, ambayo ni 4.5. Ukipata 70 moja kwenye kozi yenye kredi nyingi unaanza kukimbizana nayo. Angalia kozi zako za mwaka wa tatu, ile yenye kredi nyingi ndo uipe muda, na kama idara yako ina risachi ya mwisho nenda kwa supavaiza sasa hivi wakati wenzako bado wako likizo, umpelekee mada mbili achague. Na usiishike 4.2 kama aibu, hiyo ni second upper, daraja linalofuata first class, na second upper ya Makerere inakubalika kwenye masters nyingi sana.