Maswali na majibu: Mnato wa damu haupimwi kwa kushika fimbo

SWALI: Assalaam aleikum. Babangu ana miaka 68, tunakaa Langoni, Lamu. Huu mwezi wa nne analalamika mgongo na mbavu, na uchovu hauishi. Hospitali walimpima wakakuta hemoglobini 10.1 na ESR, kipimo cha kasi ya seli nyekundu kuzama, 92. Daktari anataka kipimo cha mnato wa plazma na cha protini za damu, sampuli ipelekwe Mombasa. Lakini kabla ya hapo jamaa yetu alimpeleka kwa mtu mwenye mashine ya kushika fimbo. Karatasi ikatoka na maandishi “mnato wa damu 73.418, kawaida 48.264 hadi 65.371”. Akaambiwa damu yake ni nzito, akauziwa dawa ya kusafisha damu ya mwezi mzima, apigwe chuku kila Jumatatu na anywe aspirini kila siku. Je, tumalize hiyo dawa kwanza? Au kipimo cha Mombasa kitasema yale yale?

JIBU: Waaleikum salaam, bibiye. Msimalize hiyo dawa kwanza, na sampuli ya baba isingoje mwezi. Kipimo cha Mombasa hakitasema yale yale, kwa sababu ile karatasi haikupima kitu.

Itazame tena hiyo karatasi. Namba ina desimali tatu lakini haina kipimo mbele yake. Ni 73 ya nini? Mnato hupimwa kwa milipaskali-sekunde, mPa·s. Maji kwenye joto la nyuzi 20 ni 1 hivi. Plazma, yaani yale maji ya manjano yanayobaki seli za damu zikitengwa, kwenye nyuzi 25 ni kati ya 1.50 na 1.72 kwa mtu mzima mwenye afya. Damu nzima, pamoja na seli zake, kwenye joto la mwili ni 3 hadi 4. Ingekuwa 73.418 ni mnato wa kweli, katika mishipa ya babako pangekuwa panapita kitu kinachokaribia mafuta ya zeituni, naye asingekuwa hai wa kulalamika mgongo. Hata hiyo “kawaida” yao ya 48 hadi 65 hakuna mwanadamu anayeweza kuwa nayo.

Mnato ni ugumu wa kitu kutiririka, na huwezi kuujua bila kitu hicho kutiririka. Ukikamua nazi, kasimile hutoka kwenye kifumbu polepole, na tui la mwisho hukimbia. Maabara hufanya hivyo hivyo: plazma hupitishwa kwenye mrija mwembamba kwa msukumo unaojulikana, na muda wake hulinganishwa na wa maji yaliyosafishwa. Kwenye ile mashine huandikwa umri, urefu na uzito, kisha mtu akashika fimbo. Hakuna tone la damu lililotoka mwilini, kwa hiyo hakuna kilichotiririka. Mwenye kuiuza hiyo karatasi na dawa kwa pamoja anajua anachokifanya.

Linaloniudhi zaidi ya mashine yenyewe ni neno “damu nzito”. Pwani nzima limekuwa jina la ugonjwa. Mwenye presha huambiwa ana damu nzito, mwenye ganzi miguuni pia, na mwenye mafuta mengi kwenye damu pia. Dawa huwa ni ile ile kwa wote. Hali neno hilo limebeba mambo matatu yasiyo na undugu.

La kwanza ni wingi wa seli nyekundu. Zikizidi, damu nzima hupita kwa taabu. Hilo huonekana kwenye hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo seli nyekundu, katika kipimo cha kawaida cha damu, wala halihitaji kipimo cha mnato. La pili ni damu kuganda upesi, ambalo ni suala la chembe sahani na protini za kugandisha. Mtu anaweza kugandisha damu kwenye mguu hali mnato wake ni wa kawaida kabisa. La tatu ndilo analolitafuta daktari wenu: protini zilizomo ndani ya plazma. Fibrinojeni, mojawapo ya protini za kugandisha, ikipanda kwa uvimbe au maambukizi, plazma huwa nzito kidogo. Mwili ukitengeneza imunoglobulini, yaani protini za kinga, kupita kiasi, huwa nzito zaidi. Presha siyo lolote katika haya matatu.

Sasa mtie babako katika hesabu hiyo. Hemoglobini yake ni 10.1, ana upungufu wa damu. Upande wa seli nyekundu, damu yake ni nyepesi kuliko yako. Aliyempangia chuku kila Jumatatu anampunguzia seli mtu aliyepungukiwa nazo. Sibishani na anayepiga chuku kwa imani yake akiwa mzima, lakini mzee mwenye damu 10 asitolewe hata kikombe mpaka ijulikane damu yake inakwenda wapi. Wapo wagonjwa ambao kutolewa damu ndiyo tiba yao, wale ambao seli nyekundu zimezidi. Wao hutolewa hospitali, mililita zikihesabiwa, mpaka hematokriti ishuke chini ya asilimia 45. Babako si wao.

Aspirini nayo haigusi mnato. Inazuia chembe sahani kushikana, basi. Kwa mzee mwenye upungufu wa damu inaweza kumtoa damu tumboni kidogo kidogo bila yeye kujua. Kama hakuandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo au kiharusi, aiwache leo. Na maji mengi, ambayo ndiyo ushauri wa kila baraza? Anywe kwa kiu na kwa joto letu hili, lakini maji hayaondoi protini iliyozidi.

Mtauliza kwa nini daktari asitosheke na ESR ya 92. ESR hupima seli nyekundu zinazama milimita ngapi ndani ya mrija kwa saa moja. Seli zikiwa chache huzama upesi zaidi, kwa hiyo upungufu wa damu peke yake unaipandisha. Mrija huo, uitwao wa Westergren, ukiinama nyuzi 3 tu, namba hupanda sana. Chumba kinatakiwa kiwe nyuzi 18 hadi 25. Mkalie mwezi wa Machi hapa Lamu, umeme umekatika na dirisha linapiga jua, halafu uniambie chumba kina nyuzi ngapi. Tena sampuli ya ESR iliyowekwa mezani inatakiwa ifanyiwe kazi ndani ya saa 4. Kwa mwenye selimundu, na huku kwetu hadi Malindi na Kilifi wako wengi, ESR hufanya kinyume: seli zenye umbo la mundu hazipangiki vizuri, hazizami, na namba hutoka ndogo hata mgonjwa akiwa na maambukizi makubwa.

Mnato wa plazma hauna matata hayo, kwa sababu seli hutengwa kabla ya kupima. Upungufu wa damu hauugusi, na tofauti ya mwanamume na mwanamke ni ndogo. ESR ya 92 ikija pamoja na mnato wa 1.68, sehemu kubwa ya hiyo 92 ni upungufu wa damu au makosa ya upimaji. Mnato ukija 2.1, kuna uvimbe au maambukizi ya kweli: baridi yabisi, kifua kikuu, ugonjwa wa mishipa ya kichwa wa wazee. Ukivuka 3, tunafikiria imunoglobulini zinazotengenezwa na ukoo mmoja wa seli, yaani mayeloma, saratani ya uboho, au ugonjwa alioueleza Jan Waldenström mwaka 1944, ambapo inayozidi ni aina moja ya imunoglobulini, IgM. IgM ni molekuli tano zilizofungwa pamoja, uzito wake kama mara sita ya IgG, aina nyingine, ndiyo maana yeye huifanya plazma nzito kuliko wenzake.

Simwambii mtu kwamba babake ana saratani kwa barua. Lakini miaka 68, maumivu ya mgongo na mbavu miezi minne, upungufu wa damu na ESR ya juu vikikaa pamoja, daktari wako anawaza sawasawa. Mnato peke yake hautoshi. Unasema protini zimezidi, hausemi ni zipi. Ndiyo sababu ameandika na kipimo cha protini, ambacho huzipanga kwa umeme na kuonyesha kama kuna mstari mmoja mwembamba uliosimama peke yake. Muulizeni pia kuhusu kalsiamu, kreatinini ya figo na protini kwenye mkojo. Na mnato ukirudi wa kawaida msivunje safari: kuna mayeloma ambazo haziupandishi, hasa zile zinazotoa vipande vidogo vya protini vinavyopitia mkojoni.

Kuhusu sampuli, hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Kamba inayofungwa mkononi wakati wa kuchota damu isikae zaidi ya dakika moja, maana maji huvuja kutoka mshipani, protini hukusanyika, na namba hupanda. Damu iingie chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, ijae mpaka alama. Ikiwa nusu, EDTA huwa nyingi kuliko damu, huvuta maji kutoka ndani ya seli na kuyatia kwenye plazma, na mnato hushuka kwa uongo. Papo hapo chupa igeuzwe polepole mara 8 hadi 10. Isipogeuzwa, damu huganda, fibrinojeni huliwa na bonge, na mnachokipeleka Mombasa si plazma tena. Bonge dogo likiponyoka likaingia kwenye mrija wa kupimia, huuziba na kutoa namba kubwa isiyo na maana.

Halafu barafu. Watu wamezoea kila sampuli ivuke kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, ndani ya kapu la barafu, wakidhani wanaitunza. Hii isiwekwe kwenye barafu wala friji. Kuna protini zinazoganda kwa baridi na kutuama chini, na katika magonjwa haya haya tunayoyatafuta ndizo huonekana. Zikituama, plazma iliyobaki juu hupimwa kama ya mtu asiye na ugonjwa. Ikae penye kivuli, mbali na injini ya boti na kioo cha basi. Bora seli zitengwe kwa sentrifuji, mashine ya kuzungusha chupa kwa kasi, kabla ya safari, plazma ihamishiwe chupa safi, kwa sababu mtikisiko na joto huvunja seli. Mnato huvumilia siku kadhaa bila friji, kwa hiyo msiwe na haraka ya kuharibu.

Majibu yakija, tafuteni joto la kipimo. Mnato hubadilika asilimia 2 hadi 3 kwa kila nyuzi moja, kama samli ya alfajiri na ya adhuhuri. Maabara inayopima kwenye nyuzi 37 ina kawaida ya kati ya 1.1 na 1.3 hivi. Anayesoma 1.6 ya nyuzi 37 kwa kawaida ya nyuzi 25 atamwambia mgonjwa ni mzima. Wala msirudie kila wiki. Fibrinojeni hushuka polepole na imunoglobulini huchukua wiki nyingi. Akitaka kufuatilia maambukizi ya siku mbili tatu, daktari atatumia CRP, kipimo kingine cha damu cha uvimbe na maambukizi.

Kuna dalili ambazo hazingoji jibu la Mombasa. Baba akitokwa na damu puani au kwenye ufizi bila sababu, akiona ukungu, kichwa kikimuuma na kuwa kama aliyelewa usingizi, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Plazma nzito kweli hufanya hivyo: mishipa ya nyuma ya jicho huvimba vipande vipande kama shanga, na daktari akimulika huiona. Tiba ya haraka ni kubadilishwa plazma kwa mashine. Na ikidhaniwa kuwa ni hilo, mwambieni anayetaka kumwongeza damu kwa ile 10.1 asubiri amuulize daktari mkubwa, kwa sababu kumjaza seli kabla plazma haijapunguzwa kunaweza kumzidishia.

Na hili nawaambia wote wenye karatasi kama hiyo kabatini, maana hazipungui. Sasa kuna na wale wanaoweka tone la damu mbichi chini ya hadubini na kukuonyesha kwenye televisheni seli zimepangana kama sarafu, wakisema ndiyo uzito wa damu. Tone lolote likianza kukauka kwenye kioo hupangana hivyo, la mgonjwa na la mzima. Ukionyeshwa picha hiyo na chupa ya dawa kwenye meza moja, toka.

Ile chupa ya kusafisha damu usiitupe, bibiye. Mchukulie baba aende nayo kwa daktari. Baadhi ya dawa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, au dawa za maumivu. Steroidi huteremsha ESR na mnato na kuficha tunachokitafuta. Dawa za maumivu, kwa mtu anayeshukiwa mayeloma, zinaweza kuua figo. Daktari anahitaji kujua alianza lini na alikunywa kiasi gani, na ni muhimu ajue kabla damu haijachotwa.