Samaki asiye na jina

Swali lenu la wiki hii: "Ukivua usiku baharini, umewahi kutoa kitu gani usichokitazamia?" Bahari mimi sijaiona. Ni mtu wa Bukavu, Kongo, na usiku wangu wote wa uvuvi umepita Ziwa Kivu, ambalo maji yake ya juu si ya chumvi. Chumvi yenyewe imelala huko chini pamoja na gesi. Ziwa linashuka hadi mita 485, ila samaki hawaendi mbali hivyo. Wakipita mita 60 na kitu hivi, hewa ya kuvuta hakuna. Mhariri akiona nimetoka nje ya swali, anisamehe, maana nilichokiona kinastahili kusimuliwa.

Ilikuwa likizo ya mwaka 2007. Baba mdogo alikuwa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukining'inia katikati, na taa za Petromax za kuvutia sambaza, wale samaki wetu wadogo. Tulitoka jua likizama. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia kwa kasia, na asiyefuata mdundo anajulikana hata gizani (nilijulikana mapema sana). Kazi yangu ilikuwa kupiga pampu za taa na kutoa maji mtumbwini kwa kopo. Mwezi haukuwapo. Ukiwa mpevu wavuvi wanalala nyumbani, kwa sababu mwanga ukitapakaa ziwa zima, sambaza hawana haja ya kuifuata taa yako.

Wavu wa tatu ulipanda alfajiri ikikaribia. Katikati ya sambaza wanaorukaruka nikaona mmoja mwembamba, urefu wa kiganja, ubavuni amejaa madoa ya buluu yaliyong'aa kwenye mwanga wa taa. Baba mdogo akamshika, akamgeuza upande huu na ule. Lazima niwaambie kwamba Kivu ni ziwa maskini wa samaki. Aina zetu hazifiki hata 30, na mvuvi mzima anazijua kama anavyowajua wapwa zake. Huyu hakuna aliyejua jina lake. Mmoja wetu akasema arudishwe, asiye na jina ana wenyewe huko majini. Baba mdogo akamtia kwenye kopo langu, na mimi nikabaki kutoa maji kwa kandambili mpaka tulipofika ufukoni.

Hapo ndipo mama mmoja mnunuzi, mzaliwa wa Uvira, mji wa Ziwa Tanganyika, alipochungulia kopo. "Mulimutosha wapi uyu? Uyu ni wa kwetu, wa Tanganyika!" Watu wakacheka. Baba mdogo akajibu kwamba basi amepanda mto Ruzizi.

Jibu hilo nililiamini miaka mingi, mpaka siku nilipolifikiria vizuri. Ruzizi inatoka kwetu kwenda Tanganyika. Kivu liko mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika mita 770 hivi. Kasamaki ka kiganja kimoja kapande karibu mita 700, kapite maporomoko, kapite na bwawa la umeme? Huyo aliletwa na mtu. Nani, na kwa nini, kila mtu pale ufukoni alikuwa na jibu lake na yote hayakufanana. Baadaye nilisoma kwamba wataalamu wanamwita Lamprichthys tanganicanus, na kwamba alionekana Kivu mwaka 2006. Kwa hiyo hatukuwa wa kwanza, na iliniuma kidogo.

Baba mdogo alipoanza kulalamika kwamba mgeni huyu atamaliza chakula cha sambaza wetu, mzee aliyekuwa akishona nyavu hakuinua hata kichwa. "Na uyo sambaza wako, alizaliwa huku?" Mzee aliukumbuka utoto wake kabla ya sambaza, kabla ya kuvua kwa taa katikati ya ziwa. Sambaza waliletwa kutoka Tanganyika wakati wa Wabelgiji, kati ya 1958 na 1960, na leo mtoto wa Bukavu ukimwambia sambaza ni mgeni atakushangaa.

Hata hivyo baba mdogo hakukosea kabisa. Wote wawili wanakula vijidudu vilevile vidogo vinavyoelea majini, na yule wa madoa ameshaenea ziwani. Siku hizi ukinunua sambaza wabichi, chambua vizuri utamkuta, ingawa akishakauka buluu yake yote imepotea.

Yule wa kwetu alikufa ndani ya kopo kabla ya saa sita. Mama mdogo akamkaanga peke yake kwenye sahani yake, na sisi watoto tukakaa kumtazama, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Mwishowe baba mdogo akamla mzima, na kichwa, akaomba fufu iongezwe. Tulipomuuliza ladha yake, akasema: miiba.