Barua kwa mwanangu: matusi ya Kent

Mwanangu,

Umeniuliza inakuwaje mtu atukanwe kwa kuitwa "mwenye suti tatu", na suti tatu ni neema. Hapo ndipo wengi wanaoigiza King Lear, tamthilia ya Shakespeare, kwa Kiswahili kama ninyi, hujikwaa: tusi la kale wanalipima kwa kipimo cha leo.

Tazama kwanza nani anamtukana nani. Kent ni mwungwana aliyejigeuza mtumishi, na Oswald ni mtumishi anayejitia ubwana. Basi matusi mengi ya sehemu ya 2, onyesho la 2, yanamrudisha jikoni. Suti tatu ndizo mtumishi alizopewa kwa mwaka. Soksi za sufu vilevile, kwa kuwa mabwana walivaa za hariri. Pauni mia ni fedha nyingi kwa mtumishi, ila kwa anayejiita mwungwana ni kichekesho. "Mla makombo" halina haja ya maelezo.

Ini jeupe ni woga: waliamini ushujaa hukaa kwenye ini, na likikosa damu hupauka. Kwetu maneno hukata maini, kwao woga uliyapausha. Kuna pia "mkimbilia mahakamani", yaani akipigwa hufungua kesi badala ya kuchomoa upanga. Leo tungemwita mstaarabu.

Tamu kuliko yote ni "zedi, herufi isiyo na kazi". Kamusi za enzi zile ziliipuuza z kwa kuwa s iliweza kuibeba kazi yake. Lakini Kiswahili kina zawadi, zabibu na zeze, kwa hiyo ukiibakiza zedi tusi linakufa. Mwite eksi, au kyu, herufi ambazo Kiswahili hakizihitaji.

Angalia pia "thou", "wewe" ya Kiingereza cha zamani. Mkubwa alimwambia mdogo, wapenzi waliambiana, na mwenye dharau aliitumia kumshusha mwenzake, ilhali "you" ilikuwa na adabu. "Wewe" yetu ni ya wote, haichomi. Tumia "we!" fupi, au "kijana wewe".

Na katika sehemu ya 1, onyesho la 4, Kent anamwita Oswald "mcheza mpira" huku akimpiga ngwala. Mpira ulikuwa mchezo wa mitaani, wa kuumizana, waungwana walicheza tenisi. Watazamaji wenu hawalijui hilo, kwa hiyo ngwala ipigwe kabla neno halijaisha, la sivyo ukumbi utadhani Oswald anasifiwa.

Mama yako