Nichukue, nipitie au niokote?

Swali: Mimi ni mwendeshaji wa bodaboda hapa Kondele, Kisumu. Mteja aliniandikia, "Niokote saa mbili nje ya soko la Kibuye." Wenzangu wa steji walicheka sana. Kwani "pick up" kwa Kiswahili ni nini hasa?

Jibu: Wana haki ya kucheka. Kinachookotwa kiko chini, kimeanguka au kimetupwa: sarafu, kuni, embe. Mtoto wa kuokotwa ni yule aliyetelekezwa. Mteja anayekungoja na mkoba wake begani hajafikia hapo.

Alitafuta neno moja litakalofanya kazi zote za "pick up". Halipo. Kwa Kiingereza "pick" peke yake ni kuchagua, au kuchuma kama wanavyochuma chai Kericho; kikifuatwa na kile kijineno kifupi "up", maana inahama kabisa. Sisi mara nyingi badiliko la namna hiyo hulitia ndani ya kitenzi chenyewe. Pita ni pita tu, lakini "nipitie" maana yake uje hadi nilipo, kisha tuondoke pamoja. Kwa bodaboda, hilo ndilo ningelichagua, ingawa "nichukue" pia ni sawa kabisa. Pwani na Tanzania utasikia "kamfuate mtoto shuleni", yaani nenda ukamlete. Huku kwetu mtu anaweza kudhani umemwambia amwandame mtoto nyuma nyuma.

Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa Kisumu tunaenda kumpokea, au kumlaki tukitaka kumpa heshima zaidi. Matatu hupakia abiria, au hubeba. Ila dereva aliyetoka na viti vitupu, akawa anasimama kila mahali njia nzima ya Ahero, mmoja hapa, wawili pale, huyo kweli anaokota abiria, na hakuna wa kumcheka.

Simu hupokewa, au hushikwa kama tusemavyo wengi Kenya. "Hachukui simu" naielewa ila siipendi. Ni kana kwamba amepewa zawadi akaikataa. Na "pick up" nyingine za Kiingereza nazo kila moja ina neno lake: mafua hukushika, biashara huchangamka, gari hushika kasi.

Lakini ukisema umeokota maneno mawili matatu ya Kiluo pale Kibuye, sikusahihishi. Maneno huokotwa, na hicho ni Kiswahili kizuri.