Barua kwa mwanangu: zile rezista mbili

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo, goti la mama yako limepata nafuu, na yule paka kazaa tena juu ya gunia la mkaa.

Swali lako nimelisoma mara tatu. Unasema kijana mmoja wa Singida, mfuga kuku, kakiona kile kidhibiti joto ulichokiunda cha mashine ya kutotolea vifaranga, naye anaomba mchoro wa saketi. Unauliza: "Baba, nimpe bure au nimwambie alipie?" Nilikaa nikuandikie jibu fupi, nikajikuta nawaza friji.

Friji ipi, unaijua. Ile nyeupe iliyokusomesha. Mwaka 1991 mota yake iliungua mara ya pili. Umeme wa mtaani ulikuwa ukishuka mpaka volti 160, halafu ukipanda ghafla. Mama yako akanisema mbele ya wateja wake wa barafu za ukwaju: "Mume fundi, friji inakufa mara mbili!" Usiku uleule nikaanza kuichora ile kinga ya friji.

Kazi yake haikuwa ya ajabu. Umeme ukishuka chini ya 190 au ukizidi 250, relei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, inakata. Ukirudi, haiwashi papo hapo, inangoja karibu dakika tatu. Hapo kwenye kungoja ndipo penye akili. Kompresa ikizimika, gesi ndani inabaki imegandamizwa upande mmoja. Ukiiwasha mara moja, mota inakuwa kama inasukuma ukuta. Inataka muda gesi itulie. Muda huo niliupata kwa aisi ya 555, kile kidude kidogo cha kuhesabu muda, rezista ya meg 1.5 na kapasita ya maikro 100: kwa hesabu, sekunde 165.

Kwenye kipimo cha volti nikahitaji rezista ya 10K, yaani omu elfu kumi. Sikuwa nayo, na Barabara ya Nane nzima siku ile haikuwa nayo. Nikaunga mbili za 4.7K, moja nyuma ya nyingine, nikapata 9.4K, nikairekebisha kwa potenshomita, ile rezista ya kuzungusha, ikakubali.

Rafiki yangu (yule aliyeleta mbuzi kwenye hitima ya bibi yako, basi, sitamtaja) akaiona inavyofanya kazi, akaomba mchoro. Nikamchorea nyuma ya karatasi ya kalenda. Hakuuliza bei, nami sikuitaja. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba sitakuwa kama mwalimu wangu.

Habari za mwalimu wangu nimeshakusimulia, lakini nitarudia. Kila transista aliyoiweka aliikwangua namba kwa msasa, ili fundi mwingine akifungua asijue ni ipi. Alipofariki, ampilifaya ya msikiti ikaharibika, nikaitwa mimi. Wiki mbili napima na kubahatisha. Siri yenyewe? 2N3055! Transista iliyojaa kwenye kopo la kila fundi. Mimi mwenyewe nilikuwa nazo sita mezani. Nilimwombea maghufira, lakini nilikuwa nimekasirika.

Basi mimi nikatoa. Miaka minne ikapita, mama yako mdogo akaolewa, na mama yako akanunua dukani kinga ya friji iwe zawadi ya harusi. Unanijua mimi na bisibisi. Nikaifungua kabla haijafungwa kwenye karatasi ya maua. Nikaziona 4.7K mbili zimefuatana, kama mapacha wanakwenda madrasa.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Rafiki yangu kanakili hata umaskini wangu! Mwaka ule 10K zilikuwa tele madukani, na yeye bado ananunua mbili badala ya moja. Halafu nikatazama upande wa 555, kicheko kikakauka. Kapasita ilikuwa ya maikro 10. Kaona ndogo ni rahisi, kabadilisha. Piga hesabu mwenyewe: sekunde kumi na sita na nusu. Ajali yangu kaihifadhi kwa uaminifu, na pale palipokuwa roho ya kazi ndipo alipopagusa.

Friji za watu zikaanza kuungua. Wakaniletea yale makasha yake, nikawabadilishia kapasita kwa ujira mdogo. Mmoja nikamwambia, "Hii niliichora mimi." Akanitazama, akalitazama na benchi langu, akasema, "Haya mzee, wewe tengeneza tu." Neno hilo mpaka leo limenikaa kifuani. Na mzee gani? Nilikuwa na miaka 41.

Ndiyo maana nasema siku zote, na wewe na kaka yako mkiniigiza: fundi halipwi mchoro, hulipwa lawama. Anayetoa hela anamlipa mtu wa kumrudia kitu kikiharibika. Mama yako hujibu kwamba lawama hailipi ada, naye ana haki, maana rafiki yangu alijenga nyumba Chumbageni na lawama zikaja kwangu. Hapo msemo wangu unachechemea, nakubali. Lakini zile kapasita ndizo zilizolipa ada yako ya kidato cha kwanza. Sasa hapo nani kamlipa nani?

Na hiyo 555 yenyewe, nani alinidai? Aliyeibuni ni Hans Camenzind, Mswisi aliyekuwa Marekani, mwaka 1971, kwa ajili ya kampuni ya Signetics. Ilitoka 1972 bila hataza, yaani bila haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuiunda, kampuni nyingine zikaiga, bei ikashuka mpaka ikafika kwenye benchi langu. Ingefungiwa, mama yako angezika friji ya tatu. Ila ngoja, Camenzind alikuwa akilipwa na kampuni wakati anachora. Wewe kijana wa Singida atakulipa nini, mayai?

Wale watu wa Arduino, ambao bodi zao ndogo za kompyuta unazitumia, walioanza 2005 kule Ivrea, Italia, michoro waliiacha wazi, anayetaka aunde. Walichokizuia ni jina. Hilo nimelielewa nimeshachelewa. Mimi nyuma ya ile kalenda sikuandika jina langu. Sikuandika hata "kapasita isipungue 100", wala sababu yake. Pengine kosa lilikuwa langu nusu. Robo, tuseme.

Mwanasheria mmoja aliyeniletea redio aliwahi kuniambia kwamba hakimiliki, kwa sheria yetu ya 1999, hulinda mchoro kama mchoro. Mtu akiuelewa kisha akaunda cha kwake, hapo unazungumzia hataza, na hataza hupewa kitu kipya ambacho hujakianika. Kwa hiyo ukishakianika, usije kunililia.

Unataka niseme "mpe" au "usimpe". Kalamu inaniwasha. Neno lenyewe nimeliandika hapa, nikalifuta, kwa sababu kitu ni chako. Ila niambie kwanza: siku ya 19 usiku, joto la mashine limepanda kutoka nyuzi 37.5 hadi 40 na halishuki, mayai 300 yamo ndani, huyo kijana atampigia nani? Kama ni wewe, utapokea? Na aliyeuziwa na kijana, ambaye wewe humjui, naye?

Huo mchoro nitumie na mimi. Mama yako anasema nikulipe. Nataka kuona pale kwenye relei, maana kwenye picha uliyotuma naona dayodi mbili zimefuatana na sijaelewa kwa nini. Au dukani hawakuwa na uliyoitaka?

Baba yako