Haro imepita, majani yamerudi shamba zima

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina ekari mbili za mahindi na maharage huku Karatu. Kuna majani yalianza kwenye kona moja. Mwaka jana nikakodi trekta likapiga haro, shamba likawa safi. Mvua ziliponyesha yakaota kila mahali. Jirani mmoja anasema ni ndago, mwingine anasema ukoka. Nipulizie nini?

JIBU: Marahaba. Dawa iache kwanza. Ng'oa mmea mmoja, uviringishe shina kati ya vidole. Ukisikia pembe tatu, hiyo ni ndago, wala si jamii ya nyasi. Chini yake utakuta vijitunguu vyeusi. Shina likiwa la mviringo, tazama suke. La ukoka vijiti vyake vyote hutoka sehemu moja, kama ukucha wa kuku. La sangari, nyasi nyingine inayofanana na ukoka, hupishana kwenye kikonyo. Ukoka hupenda kutambaa juu juu. Sangari kazi yake iko chini: kamba nyeupe zenye vifundo, ncha kali kama sindano. Nimeshachimba kiazi kilichotobolewa upande hadi upande.

Kwa maelezo yako, nadhani ni sangari. Kila kipande chenye kifundo huota mche mpya, na haro ilikata kamba hizo ikazisambaza. Yaani ulilipa kupandiwa sangari.

Ukitaka dawa, ni glaifoseti, lakini kabla ya kupanda, kwa sababu inaua na mahindi. Subiri mvua ziyaoteshe, majani yafike kama sentimita 15 na yawe kijani kibichi. Yaliyonyauka kwa jua hayashushi dawa chini. Maji yawe safi, maana tope huiua nguvu. Kipimo fuata lebo. Kisha usiguse shamba wiki mbili hadi tatu. Wengi huharibu hapa: majani yakianza tu kuwa manjano, jembe limeshaingia. Yatakayochipua tena, rudia.

Bila dawa, tumia jembe uma wakati wa kiangazi, nusu ekari kwanza. Fukua, kung'uta udongo, anika kamba zikauke kabisa, choma. Usizitupe kwenye mboji. Baadaye panda fiwi (jamii ya maharage yanayotambaa) zifunge ardhi, sangari haipendi kivuli. Matandazo membamba itayatoboa tu.

Na trekta likija tena, kagua visahani vya haro kabla halijaingia. Ukiona udongo ulioganda una kamba nyeupe, mwambie dereva aukwangue huko huko barabarani.